Darasa la Kwenye Tuta la Reli

Habari ya kifo cha Mwalimu Ramadhani ilinifikia asubuhi, nikiwa namwogesha mwanangu kwenye beseni. Zuhura, niliyesoma naye, alipiga simu akasema, "Skola, kwanza mtoe mtoto kwenye maji," nikajua. Kesho yake nilikuwa Tabora, Gongoni, nimevua viatu mlangoni kwa marehemu na kukaa mkekani pamoja na wanawake. Sikuwahi kuingia katika nyumba ile hata mara moja. Lakini nilipotulia nikasikia saa ya ukutani inayogonga kama mtu mwenye kigugumizi, na uani mtu akafungua koki inayolia kama kifaranga. Chumba kile nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekisikiliza kutoka mbali, jioni baada ya jioni, simu ikiwa imebanwa sikioni. Barazani kwa wanaume mtu akakohoa, nikasema peke yangu, "Maganga." Mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimemwona. Nikamwambia hapana, nimemsikia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa napofuka. Leo nalitamka neno hilo bila kumeza mate, lakini wakati ule hakuna aliyelitamka nyumbani kwetu, hata mimi. Mchana niliona kupitia tundu, kama mtu anayechungulia chumba cha watu kwa tundu la ufunguo: naona pua ya mtu, naona kifungo cha shati, pembeni hakuna kitu. Jua likishuka, tundu nalo linafungwa. Daktari wa mjini alimwita mama nje ya mlango akadhani mlango ni ukuta. Nilimsikia akisema, "Mama, hali hii itaendelea. Dawa yake hatuna." Mama aliporudi alinifunga vizuri kitambaa kichwani akasema, "Daktari anasema macho yamechoka tu." Nikamwambia sawa. Nikahamishiwa shule nyingine ya mjini, yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, na huko sikumaliza hata mwezi, shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona.

Katika siku zile chache sikuzungumza na mtu. Niliwaogopa wenzangu. Niliwatazama kupitia tundu langu wakipapasa kuta kwenda bwenini, wakicheka, wakigombania sabuni, nikawaona kama watu wa nchi ambayo nimekatiwa tiketi ya kwenda bila kuulizwa. Mwalimu Ramadhani, ambaye naye haoni, alinisalimu siku ya kwanza akanyoosha mkono nimshike. Nikajifanya sikuuona mkono wake. Basi shule zilipofungwa nilifurahi. Nilirudi kijijini kwetu, ng'ambo ya reli karibu na stesheni ya Igalula, nikidhani nimeponyoka.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho, chenye dirisha dogo la mbao, na kilinuka karanga kwa sababu ndimo mama alimoweka magunia. Nilikijua chote kwa magoti na viwiko. Tabu ilikuwa chakula cha jioni. Mama alipakua ugali na mlenda jikoni, taa ya sola ikining'inia kwenye msumari, na taa ile mimi niliiona kama nyota iliyo mbali sana, chini yake pakiwa shimo. Ugali niliufuata kwa mvuke wake. Mlenda ndio ulionitisha, maana unateleza. Ukikosa bakuli unamwaga mkekani na kila mtu anajua. Nikazoea kusema sina hamu ya mboga. Baadaye nikagundua bakuli linakuja lenyewe, linasogea hadi linagusa kidole changu. Mama alikuwa akilisukuma bila kusema neno. Tulidanganyana hivyo kwa heshima, mimi nikila kama ninayeona na yeye akinilisha kama anayeamini, huku redio ya mjomba ikihesabu wagonjwa wa nchi za mbali.

Mjomba Mihayo, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na simu ya kupangusa. Alasiri moja alikuja nayo uani ameiweka kwenye kiganja kama kitu cha moto. "Kuna mwalimu wako. Anasema anataka kukufundisha humu ndani." Nikaipokea. Sauti ya Mwalimu Ramadhani ikakatika, ikarudi, ikakatika. Nyumbani kwetu mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Uliposimama imara ni juu ya tuta la reli tu, mwendo mfupi kutoka kijijini, kwenye njia pana ya zamani ambayo wazee wanasema ilikuwa ya wapagazi. Kwa hiyo darasa langu likawa hapo. Mjomba akitoka kwenye tumbaku ananipa simu, napanda tuta, nakaa kwenye kokoto mbali kidogo na chuma, nasubiri iite. Mwalimu alitukusanya wanne au watano kwenye simu moja, kila mtu kwao, na bando alitutumia yeye.

Wengi wanadhani kumfundisha asiyeona kwa simu ni kumsomea maneno mpaka akinai. Mwalimu Ramadhani hakusoma. Alianza kila kipindi kwa kusema, "Kila mmoja aniambie yupo wapi na anasikia nini. Asiyesema hayupo." Zuhura, ambaye alizaliwa haoni na hakuogopa chochote duniani isipokuwa bata, alikuwa akitupa soko zima la mjini: muuza miwa, pikipiki iliyotoboka ekzosi, mama mwenye nyumba akimtukana kuku. Maganga, mwanafunzi mwingine, alitueleza mvua ikianzia upande gani wa bati lao. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Hamna kitu."

"Hamna kitu ni wapi?" akauliza mwalimu. "Mbona sijawahi kufika huko?"

Wakacheka. Nikakata simu. Akapiga tena. Hakunigombeza, alimuuliza Maganga swali la hesabu, na katikati ya jibu la Maganga akasema ghafla, "Skola, amepatia?" Nilikuwa nimesikiliza bila kupenda. Hivyo ndivyo alivyotushika. Hukujua atakuita lini, kwa hiyo hukuthubutu kuondoka hata kwa mawazo.

Mimi nilikuwa sijui kusoma nukta nundu, maandishi ya wasioona, na mashine zake zilibaki shuleni. Akaniambia nitafute trei ya mayai, nikate kipande chenye vishimo sita, vitatu kwenda chini na viwili kwenda kando, nikate na magunzi ya mahindi vipande vya kutosha vishimo. "Hilo ndilo jicho jipya," akasema, na mimi nikalichukia neno hilo. Gunzi kishimo cha kwanza juu kushoto, a. Ongeza la chini yake, b. Mama alikuta magunzi yamepangwa chumbani akadhani nachezea, akayafagia. Nikayaokota jalalani bila kumweleza. Baadaye mwalimu alinitumia karatasi ngumu zenye nukta halisi, akazikabidhi kwa kondakta wa basi. Nilizisoma vizuri sana. Kila zamu yangu ilipofika kwenye simu nilisoma mstari mzima bila kusita, hadi jioni moja akasema, "Skola, wewe unasoma kwa macho."

Upepo ulikuwa ukipiga kwenye simu.

"Anayesoma kwa vidole huchanganya e na i. Zinatazamana kama mtu na kioo. Zuhura alizichanganya mwaka mzima. Wewe hujazichanganya hata mara moja."

"Kwani kuona ni kosa?" nikauliza, sauti imenitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Si kosa. Tumia macho yako kuangalia vitu unavyovipenda. Lakini karatasi hizi zisome umefumba. Siku macho yakikataa, vidole viwe vimeshajua."

Nilimchukia kwa sababu alisema "siku," kama vile siku yenyewe inajulikana na imeshapangwa. Nilirudi nyumbani nikalala chali, dirisha likiwa wazi, nikitazama kipande kile cha mwanga na kukilinda kama mtu anayelinda moto usizimike. Hofu ya namna hiyo haina kelele. Unakula nayo, unachota nayo maji. Sasa nina mtoto na imerudi kwa umbo jingine. Kila jioni namwomba mume wangu awashe tochi ya simu mbele ya uso wa mtoto. "Anaifuata?" Ananiambia, "Anaifuata." Kesho yake namuuliza tena, naye hajachoka kunijibu, lakini nasikia jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Jambo lililobadili mwaka ule lilitokea mwanzoni mwa kiangazi, wakati wa kukausha tumbaku. Kipindi kilirefuka. Zuhura alikuwa akibishana na mwalimu kuhusu jibu la jiografia, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa nacheka nao, nikasahau kutazama jua. Nilipoinuka niage, dunia ilikuwa imefungwa. Nilikuwa sijawahi kuwa nje saa ile peke yangu. Nikapiga hatua moja, kokoto zikateleza, nikaangukia mikono, na mkono mmoja ukashika chuma cha reli, cha baridi. Nikarudi nyuma, sikujua tena nyuma ni wapi. Nilitoa sauti, sijui sauti gani.

"Skola?" Mwalimu. "Kuna nini?"

"Sioni." Ndiyo mara ya kwanza nililisema. "Mwalimu, sioni. Nipo kwenye reli na sioni."

Mwalimu akasema polepole, "Kaa chini. Usitembee. Treni ikija chuma kitakuambia kabla sijakuambia mimi. Kishike. Kinatetemeka?"

"Hapana."

"Basi hakuna treni. Kipe chuma mgongo. Kijiji kipo mbele yako au upande mwingine wa reli?"

"Mbele. Nikikipa mgongo, mbele."

"Teremka kwa makalio. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu." Na kweli sikusikia. Damu ilikuwa ikigonga masikioni ikafunika kila kitu.

"Mimi nasikia," akasema Zuhura kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kwenye simu yako kuna mashine ya kusaga. Inasaga. Sikiliza, Skola, mashine."

Ikanijia. Tuk, tuk, tuk, mashine ya unga ya kijijini, kushoto kidogo. Nikateremka tuta nikijikwaruza. Maganga akasema, "Vua viatu. Njia ngumu, pembeni laini. Miguu itakuambia." Nikavua. Udongo wa njia ile ulikuwa mgumu kama sakafu. Nikipotoka nyasi zinanichoma, narudi. Nikaenda hivyo, mikono mbele, simu nimeibana kwa bega, nao wakinihesabia pumzi. Halafu mashine ikazimwa. Mwenye mashine alikuwa amefunga kazi, basi, jambo la kila siku. Lakini mimi nilisimama kama niliyesukumwa kisimani. Nikasema imezimwa, imezimwa, nikaanza kulia.

"Ilishakuonyesha upande," akasema mwalimu. "Miguu imeacha njia?"

"Haijaacha."

"Basi nenda. Sisi hatukati simu."

Nikaenda. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu, tumbaku inayokauka, nzito na tamu, kisha joto likanigusa shavuni. Nikanyoosha mkono nikagusa ukuta wa moto. Lilikuwa bani la mjomba, nyumba yake ya kukaushia tumbaku. Nikauegemea ukuta ule na kuukumbatia.

"Skola! Unatafuta nini hapo?" Mjomba alikuwa akichochea moto. Nikageuka kumjibu, nikageukia kusikokuwa kwake. Alikuwa ameniona nikija, mikono mbele, miguu peku. Kuni aliyoishika ikaanguka chini. Alinishika kiwiko akanipeleka nyumbani.

Asubuhi nilikuwa nimelala macho wakati wanazungumza jikoni. Mama alikuwa akipakua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula na chai. Mjomba alisema, "Dada, mtoto haoni."

"Anaona. Giza tu linamsumbua."

"Aligeuka akazungumza na mti. Nakwambia alizungumza na mti. Upande wa Sikonge kuna mganga. Anatia dawa ya majani, uchafu wote unatoka. Mtoto wa Shija alipelekwa. Jumamosi napata pikipiki, namchukua."

Nilimngoja mama aseme hapana. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni, kikizunguka, kikizunguka. Mwishowe akasema, "Atalia sana?" Mjomba akajibu, "Kidogo."

Toka hapo simu haikuja tena. Mjomba alisema tuta ni hatari, na hapo alikuwa sahihi. Nilikaa chumbani na magunia ya karanga, nimefumba macho, vidole kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kwamba nikitoka Sikonge huenda nisiwe na cha kufumba. Nilichanganya e na i. Nilichanganya kila kitu. Niliwaza majani yakipondwa, kiganja cha mtu nisiyemjua kikinishika paji la uso, na mama akiwa nje ya mlango akihesabu kilio changu kama ni kidogo au kingi.

Ijumaa alasiri, nikiwa nyuma ya bani nakusanya vijiti, simu ya mjomba ikaita. Alikuwa amekaa mlangoni mwa bani na aliiweka sauti juu, kama anavyoiweka siku zote. Siku hiyo mtandao ukashika, sijui kwa nini.

"Shikamoo, mjomba," ikasema sauti ya Zuhura.

"Marahaba. Nani?"

"Shikamoo, mjomba," akasema Maganga. Kisha mwingine, kisha mwingine. Mjomba aliitikia marahaba zote, maana mtu huwezi kukata simu watoto wanakuamkia. Mwisho Mwalimu Ramadhani akamsalimu, wakaulizana hali, mvua, ugonjwa, tumbaku. Kisha akasema, "Mwenzetu ametuacha. Kila jioni namwita, anayejibu ni kimya."

"Mwalimu, nakuheshimu," akasema mjomba. "Lakini mtoto nampeleka kwenye dawa. Akipona atarudi shule ya watu wanaoona."

"Dawa ya kutia machoni?"

"Ndiyo."

Nilisikia ile saa ya Gongoni ikigonga kwa kigugumizi. Mwalimu akasema, "Mimi nilipoteza jicho la kulia kwa surua. La kushoto lilikuwa linaona. Lilikuwa linaona mlango, linaona mama yangu akiingia. Baba mdogo akanichukua kwenda kutiwa dawa ili la kulia lipone. Mganga akatia yote mawili. Alinipenda sana baba mdogo. Alinibeba mgongoni kwenda, na akanibeba kurudi."

Kisha mwalimu akauliza kama mjomba bado yupo.

"Nipo."

"Upo wapi, na unasikia nini?"

Nilidhani atakasirika. Badala yake mjomba wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akasema kwa sauti iliyokauka, "Nipo kwenye bani. Nasikia moto." Kisha akaongeza, "Na nyuma huku kuna mtu anavunja vijiti lakini ameacha."

Alikuja nyuma ya bani akanitilia simu kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Wenzako wanakungoja," akasema. Akaenda zake. Jumamosi pikipiki ilikuja, nikaisikia ikinguruma uani, nikashika mguu wa kitanda. Mjomba alitoka akazungumza na dereva maneno machache, ikaondoka bila abiria. Tangu siku hiyo alikuwa akinisindikiza tutani na kunisubiri, akijifanya anaangalia reli.

Lakini mama hakusema kitu. Kwake mimi nilikuwa naona. Aliendelea kulisukuma bakuli.

Shule zilipofunguliwa alinisindikiza stesheni ya Igalula, kikapu cha michembe na chupa ya asali mkononi, barakoa ya kitenge aliyoishona mwenyewe ikimfunika uso. Ilikuwa asubuhi kweupe, jua limeenea uwanja mzima, watu wengi wakitafuta mizigo yao. Tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa na hofu ya shule, ya bweni, ya mkono ule wa mwalimu ambao safari hii ningelazimika kuushika. Mama akapanga na kupangua kikapu. Kisha akauliza, akiangalia mbele, kama anayeuliza saa:

"Skola, unaniona?"

Ningeweza kusema ndiyo, kama siku zote. Nikasema, "Nakuona kidogo, mama. Naona kipande kimoja kwa wakati mmoja. Nikiona jicho, mdomo sioni."

"Na mwakani?"

"Sijui. Labda sitakuona."

Hakulia. Aliweka kikapu chini. Akasimama, akazunguka hadi mahali jua linapompiga usoni, mbele yangu hasa, akavua barakoa, akafungua na kitambaa cha kichwani ambacho hakuwahi kukifungua mbele ya watu. Watu wakawa wanampita huku na huku na mizigo yao.

"Basi nitazame," akasema.

Nikamtazama. Nilianzia kwenye nywele, zilikuwa zimeingia mvi na sikuwa na habari. Nikashuka kwenye paji, kwenye nyusi, jicho moja, jicho la pili, kovu dogo karibu na sikio, pua, mdomo uliokuwa ukitetemeka akiuzuia. Treni ikapiga honi kule mbali na watu wakaanza kukimbia, mtu akatupigia kelele tuwahi behewa. Mama hakusogea. Alisimama pale pale juani, amenyoosha uso, mpaka nilipomaliza.